Chupa Saba Zilizogoma

Mtaani kwetu Tartu barabara zina majina ya mboga:
Viazi, Njegere, Maharage.
Uyoga haukupewa hata kichochoro.
Labda ndiyo maana nimeupa chumba cha chini ya nyumba,
rafu mbili, chupa kumi na mbili za shayiri,
na kipupwe changu chote.

Siku ya kumi na moja.
Chupa tano ni nyeupe hadi shingoni,
kama maziwa yaliyogandia humo.
Saba zimefika nusu, zikasimama.
Utando umechora mstari kwenye kioo
na chini ya mstari punje ziko uchi, kahawia,
hazijaguswa.

Nikaanza na kipimajoto. Digrii ishirini na mbili.
Basi si baridi.
Nikaiinamisha moja mbele ya taa:
hakuna maji kitakoni, hakuna punje iliyopasuka tumbo.
Shayiri niliiloweka usiku kucha, nikaichemsha,
nikaianika juu ya shuka la marehemu mama
mpaka punje ikilala kwenye karatasi haiachi doa.
Sufuria ya presha ilipiga mluzi dakika tisini,
nilizihesabu kwa soksi niliyokuwa nafuma.
Sindano niliishika motoni hadi ikaiva nyekundu.

Sasa kosa liko wapi?

Nikanusa kifuniko.
Siki, ujue ni bakteria.
Tufaha bovu, bakteria vilevile.
Hapa sikupata kitu,
hata kile kiharufu cha majani makavu yaliyonyeshewa.
Ni kama kunusa kifungo cha shati.

Nilichelewa kushangaa.
Kifuniko nilichokitoboa mwenyewe kwa msumari,
matundu manne, kila moja na pamba yake,
kinakosaje harufu?
Nikapitisha kidole gumba juu yake. Laini.
Laini mno.
Nta.

"Baba!"

Endel ana miaka themanini na minane,
yuko mezani, anakata mkate mweusi.
Sitini kati ya hiyo amefunga matango, plamu, kabichi,
na hakuna chupa yake iliyowahi kuchacha.
"Umeharibu vifuniko vizima," anasema, hainui macho.
"Matundu manne manne! Nikakuzibia.
Saba tu. Mshumaa uliniishia."

Mshumaa ulimwishia.
Nilikuwa na maneno, tena ya moto, nikayameza yakiniunguza.
Huyu alifundishwa na mama yake, mwaka wasiokuwa na kitu,
kwamba hewa ni mwizi:
ikiingia ghalani, chakula kinatoka.
Nitamwambiaje leo
kuna kiumbe kinakula gizani, na kinahema?

Nikamwambia hivyohivyo.
Akatafuna kwanza.
"Kinahema kama nani?"
"Kama wewe ukilala."
"Mimi nakoroma, Maimu."
Akachukua kisu, akatangulia ngazini.

Tulikwangua nta, yeye nne, mimi tatu,
vipande vikadondoka kama kucha.
Kisha nikaigonga kila chupa kwenye tairi la baiskeli yake ya zamani
mpaka nyeupe ikavunjika, ikachanganyika na kahawia.
"Utaiua," akasema.
"Nyuzi zikikatika, kila kipande kinaanza safari yake."
Hakuniamini. Alishika tu tairi lisiteleze.

Siku ya kumi na sita:
nne zimeamka, vidoadoa vyeupe kila pembe,
kama theluji ya kwanza isiyojua itue wapi.
Moja ilinuka siki, nikaimwaga nje kwenye lundo la mbolea.
Moja ilipata jicho la kijani;
hiyo sikuthubutu kuifungua ndani,
niliibeba imefungwa, pumzi nimeibana, mpaka ua wa nyuma.

Ya saba haijasogea. Mstari uleule.
Baba hataki niitupe.
Ameibandikia karatasi, kwa mwandiko wake wa chupa za jamu:
tarehe, mwezi, mwaka.
Chini ameandika "Matango", kwa mazoea,
akalikata,
na kalamu bado iko sikioni,
hajajua aandike nini.